Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Ubishi wa Wavuvi wa Besi na Namna ya Kuupima

Swali: Naishi karibu na Dallas, Texas. Wenzangu wa kazini wamenitia kwenye uvuvi wa besi, samaki wa maji baridi wa huku, na sasa aliyenasa ni mimi. Nimekulia Tanga, mshipi naujua, lakini hawa jamaa wananichanganya. Mmoja haweki kwenye rili yake kitu kingine ila uzi wa florokaboni. Anasema uzi mwingine wowote samaki anauona. Wa pili anasema rili ya spining, ile inayoning'inia chini ya fimbo, ni ya watoto. Wa tatu hatoki nyumbani upepo ukivuma kutoka mashariki, na ana jedwali la mwezi kwenye simu. Wa nne ana chambo cha rangi moja tu tangu nimjue, na mara nyingi ndiye anayetuongoza kwa samaki. Chambo hai ukikitaja wanakutazama kama umetukana. Nimeshatumia zaidi ya dola mia sita, na kila Jumamosi naambiwa nimenunua kitu kisichofaa. Lipi lina msingi na lipi ni ushabiki mtupu?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na huyo wa nne, maana ukimwelewa yeye umewaelewa wote.

Mtu mwenye chambo cha rangi moja hukaa nacho majini saa saba kati ya nane. Jioni anahesabu: samaki saba kati ya wanane wamekula rangi hiyo. Anahitimisha kwamba rangi ndiyo iliyowaita. Sasa chukulia kwamba besi hajali rangi hata kidogo. Hesabu ya jioni ingekuwa ile ile, saba kwa moja, kwa sababu alichokipima ni muda wake mwenyewe. Na kuna baya zaidi. Chambo anachokipenda hukitupa alfajiri, samaki wakiwa wanakula. Saa sita mchana, jua limesimama na hakuna kinachogusa, ndipo anajaribu rangi nyingine kwa dakika kumi. Haipati kitu, anairudisha kwenye boksi na kusema, "Nilijua tu." Rangi ya pili imepewa saa mbaya na dakika chache, kisha ikahukumiwa. Baada ya miaka kumi ya mtindo huo ana uzoefu ambao hakuna wa kuupinga, na wote umetoka kwenye mizani iliyolala upande mmoja.

Usimdharau, hata hivyo. Anashinda kweli, na sababu ipo. Mnyoo wa plastiki, chambo bandia cha kawaida cha besi, unataka uvumilivu: unautupa, unauacha ufike chini, unahesabu kumi, unausogeza kwa ncha ya fimbo inchi chache, unauacha tena. Asiyekiamini chambo chake hurudisha uzi haraka ili atupe kwingine. Anayekiamini hungoja, macho yakiwa kwenye uzi, na uzi ukienda kando kidogo bila mkono kuhisi chochote, yeye anajua kimeshaliwa. Imani yake imempa mkono mtulivu. Kwa hiyo mwige majini, dukani usimwige.

Ukitaka kujua kama rangi yake, au uzi wa yule wa kwanza, una kitu kweli, pima hivi. Ingieni boti moja wawili mkiwa na fimbo zinazofanana, chambo cha umbo moja, chubwi ya uzito mmoja. Tofauti iwe moja tu, ile mnayobishania. Rusheni sarafu kuamua nani aanze na kipi, kisha mbadilishane kila baada ya kutupa mara kumi, samaki wawe wamekula au hawakula. Mbadilishane pia nafasi, kwa sababu aliyesimama mbele ya boti hufikia maji ambayo hayajaguswa, na wa nyuma hutupa palipokwisha kushtuliwa. Majaribio mengi ya wikendi huharibikia hapo: watu husema wamelinganisha chambo viwili, kumbe wamelinganisha mbele ya boti na nyuma yake. Andikeni idadi ya mitupo pamoja na ya samaki, na mhesabu kuguswa mbali na kutolewa majini. Samaki aliyegusa akaponyoka anaeleza habari ya ndoano, habari ya rangi ameshaitoa alipogusa.

Halafu msikimbilie hukumu. Kama vitu viwili ni sawa kabisa, migusano mitano ya kwanza kuangukia yote upande mmoja ni jambo la mara moja katika kila majaribio 16. Kwa migusano kumi, matokeo ya nane kwa mbili au zaidi hutokea kwa bahati tupu karibu mara 11 katika kila 100. Tisa kwa moja au zaidi ni kama mara 2 katika 100, na hapo sasa nitakusikiliza. Wabishi wengi unaowasikia kando ya maji wamejenga msimamo wa maisha juu ya samaki watatu.

Tubaki kidogo kwenye rangi, kwa sababu hapa sayansi imesema jambo la wazi. Watafiti wa Illinois walichunguza jicho la besi mdomo-mpana, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2019. Jicho hilo lina aina mbili tu za chembe za kuona rangi: moja inashika vizuri kijani, karibu nanomita 535, na nyingine inashika nyekundu, karibu nanomita 614. Sisi binadamu tunazo tatu. Walipowazoeza samaki kufuata rangi moja ili wapate chakula, waliozoezwa nyekundu walifanya vizuri sana, na wa kijani vilevile. Lakini samaki walichanganya manjano-kijani kali na nyeupe, na wakachanganya nyeusi na bluu iliyokoza. Sasa hesabu ni mara ngapi umesikia watu wazima wakigombana juu ya nyeusi dhidi ya bluu iliyokoza, na dola ngapi zimetoka mifukoni kwa ugomvi huo.

Hiyo ni ya kwenye tangi lenye mwanga mzuri. Ziwani maji yenyewe huchuja rangi. Kwenye maji meupe nyekundu ndiyo inayopotea mapema kadiri unavyoshuka, hivyo chambo chekundu kwenye kina cha mita kadhaa kinaonekana kama kitu cheusi-cheusi. Kwenye maji ya matope mambo yanageuka: bluu ndiyo inayouawa upesi, na nyekundu hudumu zaidi kidogo. Ndiyo maana kinachofaa kukitafuta ni utofauti wa chambo na kilicho nyuma yake. Rangi nne zinakutosha Texas nzima: nyeusi au bluu ya usiku kwa maji machafu na alfajiri; kijani-kahawia kwa minyoo na kila kinachoiga kamba wa maji baridi; nyeupe au fedha pale besi wanapofukuza shadi, hao dagaa wa huku; na moja kali ya manjano kwa siku ambazo maji yana rangi ya chai. Mabishano ya ndani ya kundi moja, kijani hiki chenye vumbi jeusi au kile chenye vumbi jekundu, waachie wenyewe.

Sasa huyu wa florokaboni. Ana nusu ya ukweli. Uzi huonekana majini kadiri unavyopinda mwanga tofauti na maji. Kipimo cha maji ni 1.33, florokaboni ni karibu 1.42, nailoni inazidi 1.5. Kwa hiyo florokaboni inaonekana kidogo kuliko nailoni yenye unene uleule, lakini haijatoweka, na kwenye bwawa ambalo mkono wako unapotea ukiuzamisha hadi kiwiko tofauti hiyo haina kazi. Mwulize pia swali hili: mbona wanaovua kwa chura wa plastiki juu ya magugu hutumia uzi wa kusuka unaohimili pauni 50 au 65, usiopitisha mwanga, na besi wanaulipukia? Kwa sababu pale samaki anaona kivuli kinachotembea juu ya paa la majani, na uzi umelala juu ya majani hayohayo.

Faida ya kweli ya florokaboni iko kwenye uzito. Sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 1.78, ya nailoni 1.14, na ya uzi wa kusuka wa poliethilini 0.97, yaani huo unaelea. Florokaboni inazama, inanyooka kutoka ncha ya fimbo hadi kwa chambo kilicho chini, na mguso unafika mkononi. Hainywi maji, wakati nailoni hunywa na kulegea kidogo baada ya saa kadhaa. Uzito huohuo ndio unaoiharibia kazi kwenye chambo cha juu ya maji: uzi unazama, unavuta pua ya chambo chini, na kile kilichopaswa kucheza kushoto na kulia kinakwenda kinazamazama. Hapo nailoni ya bei ndogo inaishinda, na ukimwona jamaa yako analalamika kwamba chambo chake cha juu kimeharibika, mtazame kwanza uzi. Hilo la kwamba florokaboni haivutiki nalo si kweli. Inavutika, na ikivutwa kupita kiasi hairudi sawasawa; mita za mwisho hubaki dhaifu.

Kosa linalowapata wengi wanaoinunua ni la fundo. Florokaboni ni ngumu na inaungua kwa msuguano. Fundo linalokwenda vizuri ni la Palomar. Kunja uzi mara mbili, kama sentimita 15, upitishe kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida na ndoano ikining'inia, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kisha vuta polepole nyuzi zote mbili kwa pamoja. Kata mkia ubaki milimita tatu. Ukivuta likiwa kavu litaungua, na halitakuonyesha mpaka samaki mkubwa aje. Uzi ukikatika, soma ncha yake kabla ya kulaumu kiwanda. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza. Ikiwa imepauka na kunyauka pale pa fundo, umeliunguza. Ikiwa imekatika safi au ina mikwaruzo juu yake, ni kisiki, jiwe au kome, na ulipaswa kupitisha kidole kwenye mita ya mwisho na kufunga upya samaki wawili waliopita.

Kuhusu rili, huyo anayesema spining ni ya watoto amechanganya chombo na heshima. Beitikasta, ile inayokaa juu ya fimbo, hugeuza pipa lake kwa nguvu ya chambo kinachoruka. Chambo kikiwa chini ya gramu saba hivi, nguvu hiyo haitoshi kuzungusha pipa vizuri: ukilegeza breki unapata kiota cha ndege, yaani uzi uliojisokota juu ya pipa, ukizikaza unatupa mita kumi. Kwenye spining uzi unamwagika wenyewe bila pipa kuzunguka, na vitu vyepesi vinakwenda mbali. Mabingwa wa mashindano wanaofuata besi mdomo-mdogo kwenye Maziwa Makuu ya Amerika hushinda kwa spining karibu siku nzima. Beitikasta inaingia pale penye jigi nzito (ndoano yenye chubwi kichwani), uzi wa pauni 15 kwenda juu, na samaki wa kung'olewa ndani ya matawi. Spining ina tatizo lake halisi, kujipinda kwa uzi. Ukishatupa, funga mkono wa waya unaoongoza uzi kwa kidole, usiufunge kwa kuzungusha mpini, vuta uzi kidogo ukae, na usizungushe mpini wakati samaki anavuta breki. Kila mzunguko hapo ni msokoto unaouingiza ndani. Breki yenyewe ipime kwa mizani ndogo: kwa uzi wa pauni 8, ianze kuachia kwenye pauni 2 hadi 2.5.

Juu ya uwiano wa meno ya rili, 6.3 kwa 1 dhidi ya 8.1 kwa 1, watu wanazozana bure. Ya kwanza huvuta kama sentimita 66 za uzi kwa mzunguko mmoja wa mpini, ya pili kama 84. Mkono wako unaweza kupunguza mwendo. Isipokuwa kwenye chambo kikubwa chenye ulimi mrefu wa kupiga mbizi, ambacho kinavuta maji mengi. Kwa hicho meno ya haraka yatakuchosha bega kabla ya saa nne asubuhi.

Jamaa wa upepo na mwezi nimemwekea nafasi kubwa kidogo, kwa sababu wewe umetoka Tanga na nadhani moyoni unampa haki.

Pwani mwezi ni kitu cha kweli. Bamvua ikifika maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo unasomba chakula, samaki wanaingia na kutoka kwa saa. Mvuvi wa mshipi asiyehesabu bamvua na maji mafu anakwenda kuoga tu. Bwawa la Texas halina kupwa wala kujaa. Hata yale Maziwa Makuu yenye ukubwa wa bahari, maji yake hayapandi kwa nguvu ya mwezi hata sentimita tano. Kile ulichofundishwa na wazee kwenye ngalawa kina sababu ambayo huku haipo.

Jedwali la kwenye simu yake linatokana na nadharia ambayo Mmarekani John Alden Knight alianza kuitunga mwaka 1926. Kwa kawaida hutoa vipindi vinne kwa siku: viwili vikubwa vya saa mbili hivi, mwezi ukiwa utosini au chini ya miguu yetu, na viwili vidogo vya saa moja hivi, mwezi ukichomoza na ukizama. Jumla ni saa sita, robo ya siku nzima. Sasa angalia ujanja uliojificha humo. Mwezi ukiandama, jua na mwezi huchomoza pamoja na kuzama pamoja. Ukiwa mpevu, mmoja hutoka mwingine ukiingia. Kwa hiyo siku hizo ambazo jedwali linazisifu kuliko zote, vipindi vyake vidogo huangukia alfajiri na magharibi, saa ambazo besi hula hata kama mwezi ungeondolewa mbinguni. Jedwali linapata sifa ya kazi iliyofanywa na jua. Na mtu aliyeambiwa saa fulani ni nzuri hutulia saa hiyo, anatupa kwa makini. Saa nyingine anakula mkate.

Na ule upepo wa mashariki? Msemo huo ulikuwepo Uingereza zamani, nchi ambayo besi huyu si wa kwao. Upepo wenyewe ni muhimu, mwelekeo wake kwenye dira si muhimu. Kinachofanyika ni kwamba upepo unasukuma maji ya juu na vijidudu vyake hadi ukingo unaopigwa, shadi wanafuata, besi wanafuata shadi, na mawimbi yanavunja mwanga ili samaki asikuone. Ukifika ziwani uliza ni ukingo upi umepigwa kwa saa tatu nne zilizopita, uanze hapo, ilimradi boti yako inaweza kusimama bila hatari.

Mgandamizo wa hewa nao umewapa watu maneno mengi. Hektopaskali moja, kizio cha mgandamizo huo, ni karibu sawa na uzito wa sentimita moja ya maji. Wimbi la hewa baridi likipita, kipimo kinaweza kubadilika hektopaskali 20 kwa siku, yaani sentimita 20 za maji. Besi anayepanda kutoka kwenye kisiki kumfuata samaki mdogo anapita badiliko hilo kwa sekunde moja, na mara kumi kwa siku. Kinachombadilisha baada ya wimbi hilo kupita ni anga kuwa jeupe, jua kuwa kali na maji ya kina kifupi kupoa. Hubana kwenye maficho na hafukuzi mbali. Punguza ukubwa, punguza mwendo, tupa karibu kabisa na kisiki, kisha rudia hapohapo.

Ukitaka kuona msimamo upi ni wa samaki na upi ni wa mahali, angalia Ziwa Naivasha. Besi mdomo-mpana aliletwa pale kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa mchezo, na kamba mwekundu wa Louisiana, chakula chake cha nyumbani, akaingizwa mwaka 1970. Samaki ni yuleyule na tabia yake ya kujibanza kwenye mafunjo na kumvizia kamba ni ileile. Lakini ziwa liko karibu na ikweta, kwenye kimo cha karibu mita 1,890, na halina Januari ya barafu wala Machi ya maji kupata moto. Kalenda nzima ambayo wenzako wanaisoma kama msahafu, samaki wako hapa mwezi huu na kule mwezi ujao, pale haina pa kushika. Ile ya maficho, kivuli na kina imevuka bahari salama. (Viboko wa Naivasha nao wana maoni yao kuhusu wapi boti isimame, na hao usibishane nao.)

Chambo hai. Hapa dharau inatokana na kanuni za mashindano. Ray Scott aliandaa shindano lake la kwanza kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, mwaka 1967, akaanzisha B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi, na mashindano yao ni ya chambo bandia tu. Kanuni ya mchezo ikageuka kuwa adabu, adabu ikageuka kuwa imani. Rekodi zinasema mengine. Besi wa rekodi ya dunia, wa pauni 22 na aunzi 4, aliyevuliwa na George Perry huko Georgia tarehe 2 Juni 1932 alifikiwa mwaka 2009 na Manabu Kurita kwenye Ziwa Biwa, Japani, kwa chambo hai, samaki mdogo aina ya blugili. Rekodi ya jimbo lako lenyewe, pauni 18.18, ilitoka Lake Fork Januari 1992, na aliyempata alikuwa anavua krapi, samaki wa aina nyingine, kwa kisamaki kidogo hai. Hilo la pili liweke akilini pia mtu akikuambia samaki mkubwa anataka chambo kikubwa. Chambo kikubwa hupunguza wadogo wanaokula, hivyo wastani wa ukubwa unapanda. Mkubwa mwenyewe hula hata kidogo.

Ipo sababu moja nzuri ya kukiogopa chambo hai, na ni nadra kuisikia: samaki hukimeza. Ndoano inashika kooni, na besi aliyeshikwa kooni hufa zaidi. Ukikitumia, tumia ndoano ya duara, usikung'ute fimbo, kaza uzi polepole mpaka ndoano izunguke na kushika pembe ya mdomo. Ikiwa ndani sana, kata uzi karibu na ndoano kuliko kuchimba kwa koleo.

Wenzako watakuambia pia kwamba samaki wa bwawa fulani "wamesoma". Hapo wana hoja kuliko wanavyojua. Kwenye Ridge Lake, Illinois, kuanzia mwaka 1977, watafiti waliwatia alama besi na kuandika nani amevuliwa mara ngapi. Waliovuliwa mara nyingi wakazalishwa peke yao, na waliovuliwa kwa nadra peke yao, kwa vizazi vitatu. Vizazi vya kundi la kwanza viliendelea kuwa rahisi kunaswa kuliko vya pili, maana wepesi wa kunaswa kwa sehemu unarithiwa. Chambo kilichovuma miaka mitatu kisha "kikafa" hakikupoteza nguvu. Waliokuwa wepesi kukila wamepungua au wamekikumbuka.

Ubishi mwingine, wa kuvua ukingoni tu, umevunjwa na vyombo. Tangu kampuni ya Garmin ilipotoa LiveScope, chombo cha sauti kinachoonyesha samaki papo hapo, mwaka 2018, watu wanaona kwenye skrini besi wakubwa wakielea katikati ya ziwa mbali na kisiki chochote, wakifuata makundi ya shadi, na wanaona pia ni wangapi hufuata chambo hadi karibu kisha wakageuka. Chombo hicho kina bei ya gari kuukuu. Usikinunue bado. Lakini acha imani kwamba pasipo na ukingo hapana samaki.

Kuna msimamo mmoja ambao unaheshimika na bado unaleta hasara: kwamba kumla besi ni dhambi. Scott alianza kuhimiza samaki warudishwe wakiwa hai mwaka 1972, wakati watu walikuwa wakipiga picha na mikufu ya samaki waliokufa, na ilisaidia sana. Ila kwenye kibwawa cha ekari mbili ambako kila besi ana sentimita 30 na tumbo limeingia ndani, kuwarudisha wote ni kuwanyima chakula wote. Wataalamu wa mabwawa hushauri wadogo hao watolewe na waliwe. Kanuni ya Lake Fork imejengwa juu ya wazo hilo: wa kati ya inchi 16 na 24 warudishwe, walio chini wanaruhusiwa kuchukuliwa, na anayefika 24 ni mmoja tu. Chini ya 16 wasipotolewa, kanuni inafanya nusu ya kazi. Soma kanuni za mwaka huo za Texas Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, kabla ya kwenda, kila ziwa lina lake. Urefu hupimwa samaki akilala ubavu, mdomo umefungwa, mkia umebanwa ufikie urefu wake wote. Mdomo ukiwa wazi utapata kipimo kingine, na askari wa wanyamapori hatakubali hicho.

Na hizo dola mia sita, usiongeze nyingine kwanza. Unahitaji fimbo mbili. Spining ya futi 7 ya nguvu ya kati, rili ya ukubwa wa 2500, uzi wa kusuka wa pauni 10 au 15, na mbele yake mita mbili za florokaboni ya pauni 8. Beitikasta ya futi 7 yenye nguvu zaidi, na nailoni au florokaboni ya pauni 15 kulingana na kama unavua juu au chini. Ndoano uzijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ncha iking'ata ni kali, ikiteleza inoe au itupe. Samaki mshike kwa mikono iliyolowa, mkubwa mlaze kwa mikono miwili badala ya kumning'iniza kwa taya, na wakati wa joto la Julai na Agosti asikae nje ya maji zaidi ya nusu dakika. Juu ya hayo kuwa mbishi kadiri upendavyo.